Taa Iliwaka, Magurudumu Yakagoma

Miaka ya tisini, mimi ndiye niliyekuwa fundi pekee wa Timau aliyethubutu kugusa vifaa vya umeme vya gari, na nilihakikisha kila mtu anajua. Kwa hivyo Sista Karimi, nesi wa zahanati yetu, aliponiletea pikapu anayobebea akina mama wajawazito, sikubabaika. Foo-wili, ile ya kuzungusha magurudumu yote manne, ilikataa kushika, na mvua zilikuwa zimeanza.

"Ni kompyuta ya foo-wili imekufa," nilimwambia, na hapo sikukosea. Niliagiza nyingine, nikaifunga, na taa ya foo-wili ikawaka vizuri kwenye dashibodi.

Nikamwita tuijaribu pale sokoni, watu wote waone. Niliingiza pikapu katikati ya tope, nikakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yalirusha tope hadi kwenye kabeji za akina mama wa sokoni. Ya mbele hayakusogea hata kidogo.

"Kompyuta mpya huchukua muda kuzoea," nilieleza kupitia dirisha.

Sista Karimi alikusanya sketi yake, akainama, akachungulia chini ya gari.

"Fundi, si hapa huwa kuna propela ya kuzungusha magurudumu ya mbele?"

Ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimeifungua jana yake ili nifikie waya. Ilikuwa bado gereji, imeegemea ukuta, nimeanika ovaroli juu yake.

"Iko gereji," nilisema polepole.

Sista aliwageukia wenye kabeji, nyuso zao zimejaa tope. "Akina mama, njooni tumsukume fundi."