Mkaa wa Mwalimu Zuhra

Mwalimu Zuhra ni mwoga na wala hafichi. Anaogopa nyoka, anaogopa wakaguzi, anaogopa hata kuku anayeatamia. Mwaka wa tisa huu tunafundisha shule moja huku Mtunda, yeye sayansi na mimi hesabu, na haikupita siku bila kumtania. Tangu Jumanne ile nimeacha, maana siku hiyo niliogopa kumzidi.

Muhula ule alikuwa akiwafundisha darasa la tano habari za nishati endelevu. Mwingine angesoma kitabuni, akasubiri kengele. Zuhra hawezi. Aliwakusanyisha watoto pumba za mpunga na vifuu, wakavichoma kwenye pipa, wakasaga, wakachanganya na uji wa muhogo, wakafinyanga vidonge na kuvianika juani. Huo ndio mkaa mbadala. Alitaka wajue kwamba mtu anaweza kuivisha ubwabwa bila kuangusha mti. Mkaa ukawaka vizuri, moshi hakuna. Ubaoni akaandika sentensi tatu, watoto wakazinakili. Ya mwisho ilisema: "Mkaa huu hautoi moshi, kwa hiyo hauna madhara." Kisha kila mtoto akapewa vidonge ishirini apeleke nyumbani.

Jumanne asubuhi nilikuwa nyuma ya darasa nikisahihisha madaftari, Zuhra alipowauliza mkaa umetumikaje huko kwao. Warda akasimama. Mama yake, Zena, alikuwa na siku kumi na moja tangu ajifungue, na kwetu mzazi hukaa ndani arobaini nzima na jiko la mkaa chini ya kitanda, apate joto.

"Bibi kaupenda mkaa wetu, Mwalimu," alisema Warda. "Ule wa kununua unafuka moshi, lazima tuache dirisha wazi. Huu hauna, basi leo nimeziba dirisha kwa kanga na mlango tumefunga. Moto nimewaachia mwingi. Mama alikuwa anasema kichwa kinamuuma, nikamwacha kalala."

Zuhra aliweka chaki mezani. Akageuka kuutazama ubao, ingawa sentensi yake ilikuwa imefutwa siku nyingi.

"Mrisho, pikipiki," akaniambia.

Njiani alinieleza akiwa nyuma yangu, ameng'ang'ania shati langu. Kwenye semina kule Kibiti, alikojifunza kutengeneza mkaa huu, waliambiwa wazi: mkaa wowote ule, hata usiofuka, una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, kwa hiyo uwashwe penye upepo. Yeye aliliacha hilo. Hapa kila mtu anapikia bandani, upepo unapita pande zote, nani angejifungia nao?

"Nimezaa mara tatu," alisema. "Mara tatu nimelala juu ya jiko. Vipi nimesahau?"

Niliongeza mwendo. Madimbwi yote niliyapita katikati.

Tulimkuta bibi yake Warda barazani, anachagua mchele. Mlango wa chumba nyuma yake ulikuwa umefungwa.

"Shikamoo, Bibi. Mzazi yuko wapi?"

"Marahaba. Kalala. Leo kapumzika, hata mtoto hajalia tangu Warda aende shule."

Zuhra akaelekea mlangoni, bibi akainuka na kumzibia njia.

"Mwalimu, mzazi haingiliwi ovyo. Na mtoto hatoki nje mpaka arobaini. Hilo hata wewe unalijua."

"Nalijua, Bibi. Lakini mkaa ule unaua. Mimi ndiye niliyemwambia Warda hauna madhara, na nilimfundisha vibaya."

Bibi alimtazama kidogo tu. Akasogea.

Chumbani joto lilitupiga usoni. Moshi haukuwamo hata chembe, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwa sababu macho yangu hayakuona cha kukikimbia. Zuhra aliing'oa kanga dirishani, akamchukua mtoto. Mimi, mwanamume nisiyehusika, nikamshika mzazi wa watu kwapani na kumburuta hadi barazani. Zena akatapika, akauliza yuko wapi.

Mtoto hakulia. Zuhra aliketi naye uani, akampepea, akamsugua nyayo, akamwita mwanangu, mwanangu. Bibi alikuwa anasoma Ya Latifu kwa sauti inayokatika. Sijui ilikuwa muda gani. Mwishowe kale kauso kakajikunja, kakatoa sauti ndogo, kisha kilio chenyewe. Bibi akakaa chini, katikati ya mchele wake uliomwagika.

Tulipanda mshikaki, Zena katikati na Zuhra nyuma na mtoto, mpaka zahanati. Wakaangaliwa, tukaambiwa watapona wote wawili. Nilidhani sasa tutapumua.

Tuliporudi shuleni ilikuwa adhuhuri. Zuhra aliingia darasani moja kwa moja, akawaambia watoto kwamba alikosea, wafungue madaftari na waikate sentensi ya mwisho kwa kalamu. Wakaikata. Kisha akafungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole kwenye majina. Ulikuwa msimu wa kulinda ndege mpungani. Watoto kumi na saba walikuwa wamehamia bondeni na wazazi wao, kwenye madungu, vibanda vile vya juu ya nguzo ambavyo watu huvifunika kwa nailoni pande zote mvua ikinyesha, wakapikia humo humo. Kila mmoja alikwenda na daftari lake na vidonge ishirini.

"Pikipiki ina mafuta?" aliniuliza, akichukua kalamu nyekundu.

Nikasema yapo. Nilipotoka nje kuiwasha nikatazama upande wa bonde, na huko mvua ilikuwa imeshaanza.