Uso wa Romana Chini ya Turubai

Raya anachapa picha kwenye chumba kinachopakana na duka langu la fremu, hapa Mpanda mjini. Wateja wake wakiridhika huingia kwangu, kwa hiyo kazi yake naifuatilia. Mashine yake ni kama za wenzake, ila yeye huchapa kwanza kipande kidogo, akatoka nacho juani. "Kioo cha kompyuta kinabembeleza," husema. "Jua halimbembelezi mtu."

Juzi aliingia mzee Gelasius wa Kasokola, na simu yenye picha ya marehemu mkewe, Romana. Alitaka kubwa, iwekwe kanisani kwenye misa ya kumwombea Jumamosi. Nyingine hakuwa nayo, na hiyo ilipigwa harusini, chini ya turubai la bluu. Uso wote uliingia bluu.

Raya akaipunguza bluu, akachapa kipande, wakatoka nje.

"Mwanangu, huyu mweupe. Labda ndugu yake wa mjini."

Akachapa kingine.

"Huyu ana homa."

Cha tatu mzee alikitazama mpaka mkono ukachoka. "Nikiendelea kuangalia hizi nitamsahau mwenyewe," akasema.

Mimi ningempa hicho hicho, na fremu juu. Raya akaacha mashine.

"Baba, kitenge alichovaa hapa kipo?"

"Tuligawa nguo baada ya matanga. Hicho alichukua mdogo wake, Jeniffer, yuko Inyonga."

"Aje nacho. Nikiipata rangi ya kitenge, na uso utarudi."

Kesho yake Jeniffer akashuka kwenye basi amekivaa, zambarau iliyopauka. Raya akamsimamisha mlangoni, akawa anaweka vipande kwenye upindo, anaingia kurekebisha, anatoka tena.

"Shemeji, umeniita nije kuwa mlingoti?"

"Tulia. Dada yako hakuwa na subira, angekuwa ameshaondoka," mzee akasema.

Zambarau ya karatasi ilipopotelea kwenye ya kitenge, Raya akampa mzee kipande. Gelasius akakielekeza kwenye jua. Akacheka, kidogo tu.

"Ndiye. Ona anavyoniangalia, kama nimeingia ndani na matope." Jeniffer akajifuta macho kwa upindo ule ule.

Picha kubwa ilipotoka nikaleta fremu ya dhahabu, yenye faida. Mzee akaisogeza kando, akachukua ya mbao ya mninga, akaishikilia karibu na shavu la Romana.

"Hii," akasema.

Nikairudisha ya dhahabu ukutani.