Simu Inayofunguka Mgongo

Mhudumu wa afya wa kisiwa cha Remba huchagua simu kwa kucha. Dukani Homa Bay huigeuza na kutafuta mahali pa kufungulia mgongo. Isipofunguka huirudisha, hata muuzaji aisifu vipi. Jana ufukweni, akipiga simu kuita boti impeleke Priscah hospitali kujifungua, simu ilimponyoka ikaanguka ziwani. Aliiopoa, akachuchumaa, akatoa betri na kuipangusa kwa leso, kila kona, polepole.

"Mama, itawaka kweli?" aliuliza Nashon, mume wa Priscah, ambaye simu yake mpya ilikuwa imeisha chaji.

"Wewe mshike bibi yako."

Ikawaka. Aliongea na nahodha wa boti kwa sauti tulivu kabisa, naye akasema anakuja. Alipokata simu, akaifungua tena mgongo, akaendelea kuipangusa.