Namba ya Kumi na Tano Niliyoiruka

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi, na ofisi ilikuwa ikifunguliwa saa moja na nusu. Nikakaa kwenye ngazi, barua ya ajira mapajani, gauni nimelipiga pasi ya mkaa mpaka linagoma kukunjika. Tarishi mzee aliyekuja na funguo alinitazama akacheka.

"Binti, serikali haitoroki," akasema. "Hata ukichelewa utaikuta."

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Mimi ni binti wa mwalimu kutoka Masasi, nimetoka mafunzoni nikijua kupiga chapa na kuandika hati mkato, yaani yale maandishi ya vistari na vitone yanayokuwezesha kuandika kwa kasi ya mtu anayesema. Nilipangiwa ofisi ya jiji iliyoshughulikia vitongoji vya pembezoni, kuanzia Temeke mpaka Kibamba. Vijana wa leo mkisikia ofisi ya jiji mnawaza foleni na mihuri. Mimi nilisikia ngoma! Nchi ilikuwa yetu, na mimi nilikuwa nakwenda kuandika mambo yake.

Nilianzia masjala, chumba yanamotunzwa majalada. Mkuu wa masjala, mtu mwembamba mwenye kikohozi, alinifundisha kwamba karatasi haitoki jaladani bila kuandikwa imekwenda kwa nani na lini. Baada ya miezi sita nikapelekwa chumba cha wapiga chapa. Wanawake wanne, taipureta nne, kelele mpaka chai inatikisika kikombeni. Huko ndiko nilikoijua stensili, karatasi laini yenye nta. Herufi za mashine zinaitoboa, unaifunga kwenye mashine ya kurudufu, unazungusha mkono, na nakala zinatoka moja moja zikinuka wino. Ukikosea unapaka dawa nyekundu, unapuliza, unapiga tena juu yake. Dawa ile haikunitoka kwenye vidole, na mama mwenye nyumba wangu akaamini napaka rangi ya kucha kwa ajili ya mwanamume fulani.

Halafu nikapandishwa kuwa karani wa mihtasari wa Kamati ya Ujenzi na Maji. Kwa matazamio, lakini. Mwaka mzima wa kuangaliwa, na ukiteleza unarudi kwenu. Bosi wangu alikuwa Katibu wa Kamati, mzee wa shati jeupe na miwani mizito, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Karani wa mihtasari," aliniambia, "ana masikio mawili na mkono mmoja. Mdomo anauacha nyumbani. Ndani ya kikao hasemi, hakohoi, hacheki. Umenielewa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na la pili. Kisichoandikwa hakikusemwa. Diwani anaweza kulia machozi pale ndani. Kama hayamo kwenye muhtasari, hakulia mtu."

Watu hudhani kazi hii ni kavu. Waongo! Hebu fikirini. Madiwani ishirini wanakaa, wanabishana saa nne nzima kuhusu mtaro, soko, taa ya barabarani, na jioni mambo yote yale yamelala kwenye karatasi zangu sita. Na karatasi zile zina nguvu. Azimio la kamati halitekelezwi siku lilipopitishwa. Linangoja mkutano unaofuata, wajumbe wauthibitishe muhtasari, yaani wakubali kwamba ndivyo walivyosema kweli. Hapo ndipo Mhandisi wa Jiji anapopelekewa dondoo, kipande cha muhtasari kinachomhusu, naye anatoa mafundi. Bila dondoo hatoi hata koleo.

Kisha ikaja ile amri ya kuendesha shughuli zote kwa Kiswahili. Jamani, nilifurahi! Mpaka hapo tulikuwa tukiandika Kiingereza, na nusu ya wajumbe walikuwa wakitikisa vichwa kwa heshima tu. Mwezi uleule watu waliokuwa kimya wakafunguka midomo. Aliyefunguka kuliko wote alikuwa Bi. Sikudhani.

Bi. Sikudhani alikuwa mkaanga samaki wa Kwa Limbanga, kitongoji cha bondeni upande wa Temeke, na watu wake walimchagua udiwani kwa sababu hakuogopa mtu. Siku ya kikao alikuwa akifika mapema mno, saa mbili asubuhi kwa mkutano wa saa nne, kanga mbili safi, na anakuja moja kwa moja mezani kwangu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Macho yangu haya, moshi wa mafuta umeyala. Hebu nisomee hivi vikaratasi vyenu."

Mara ya kwanza niliamini habari ya moshi. Mara ya tatu nikaelewa. Jina lake alijua kulichora kwenye kitabu cha mahudhurio, basi, herufi nyingine zote zilikuwa ngeni kwake. Tulikuwa tukikaa nyuma ya makabati ya masjala, mimi nasoma, yeye amefumba macho. Nikimaliza alikuwa na kila kitu kichwani, nani kasema nini na kwenye namba gani. Mle kikaoni alikuwa akitaja ukurasa na namba bila kuinamia karatasi, na wenzake wakamwona msomi mkubwa.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Kwa Limbanga hakukuwa na bomba. Watu walichota kwenye kisima cha kuchimba kwa mikono, na masika yalipofika maji ya vyoo yaliteremka humohumo. Jirani yake Bi. Sikudhani alizika watoto wawili msimu mmoja. Mwaka huo jiji lilikuwa na vifaa vya mabomba mawili tu ya mtaa, na kamati ilibishana mpaka ikaazimia. Namba ya kumi na nne, bomba la maji lijengwe Kibamba. Namba ya kumi na tano, bomba la maji lijengwe Kwa Limbanga. Nikayaandika yote mawili kwa hati mkato, mkono unaruka kwa furaha.

Kesho yake nikakaa kwenye stensili. Namba zote mbili zilianza kwa maneno yaleyale: "Kamati iliazimia kwamba bomba la maji lijengwe." Wapiga chapa mnajua kinachofuata. Jicho likashuka, likarudi, likatua pasipo pake. Nilipiga ya kumi na nne, nikadhani nimeshapiga ya kumi na tano, nikaendelea na habari ya soko nikiipa namba hiyohiyo ya kumi na tano. Namba zikafuatana vizuri kabisa. Katibu akapitia, hakuona pengo, maana pengo halikuwapo. Nakala zikarudufiwa na tarishi akazisambaza kwa madiwani wote.

Asubuhi ya kikao namsomea Bi. Sikudhani nyuma ya makabati. Nikafika ukurasa wa tano, Kibamba, soko. Akafumbua macho.

"Rudi."

Nikarudia.

"Bomba letu liko wapi?"

Nikatafuta. Nikageuza karatasi. Nikachukua daftari langu la hati mkato, nalo lilikuwa pale, azimio zima, limekaa. Mafundi walikuwa wakisubiri dondoo, kamati isingekutana tena mpaka baada ya miezi mitatu, na vifaa visivyotajwa vingepelekwa kwa anayefuata kwenye orodha.

"Nimeliruka, Bibi. Ni mimi."

Nilitegemea anizabe kofi. Badala yake alinishika mkono. "Kulia utalia baadaye," akasema. "Sasa nifundishe dawa yake."

Nikakimbilia kwa Katibu nikamweleza. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Karatasi zikishatoka hazirudi," akasema. "Dawa ni moja. Mjumbe asimame wakati wa kuthibitisha muhtasari, ataje ukurasa, ataje namba, aombe marekebisho. Mjumbe. Si wewe."

Nikarudi nyuma ya makabati. Ukurasa wa tano, chini ya namba ya kumi na nne. Bi. Sikudhani alirudia mara mbili tu, akajifunga kanga vizuri akaingia.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna marekebisho, alisimama kabla swali halijaisha. "Ndugu Mwenyekiti, ukurasa wa tano, chini ya namba kumi na nne. Tuliazimia bomba la Kwa Limbanga, na humu halimo. Naomba lirudishwe mahali pake."

Moyo wangu ulipiga mbinja. Lakini diwani wa Kibamba naye akasimama, na nisimsingizie ubaya, maana watu wake walio ndani zaidi, ambao bomba la kwanza lisingewafikia, ndio waliofuata kwenye orodha, na kisima chao hakikuwa kitamu kuliko kile cha Limbanga.

"Ndugu Mwenyekiti, sina ugomvi na Bibi," akasema. "Lakini mie naona namba zimefuatana, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Kisichoandikwa hakikusemwa, tumefundishwa hivyo humuhumu. Namwomba atusomee yeye mwenyewe ukurasa huo, atuonyeshe palipokatika."

Wajumbe wote wakamgeukia. Bi. Sikudhani aliichukua karatasi. Aliishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona midomo yake inatafuta neno. Miaka yote ile ya kuheshimiwa, na sasa mambo yalikuwa yanakwisha kwa sababu ya jicho langu mimi.

Sikuamua. Nilijikuta nimesimama.

"Kosa ni langu!" nikasema, tena kwa sauti ya kuitia gari lisimame. "Bibi amesema kweli. Azimio limo kwenye daftari langu, nimeliruka mimi nilipopiga chapa."

Tangu jengo lile lijengwe karani hakuwahi kusema kikaoni. Mwenyekiti alimtazama Katibu. Katibu alikuwa ameinama, anafuta miwani yake kwa ncha ya shati, anaifuta, anaifuta, mpaka nikaanza kufikiria basi la Masasi. Kisha akasema polepole:

"Ndugu Mwenyekiti, daftari la hati mkato ni mali ya kamati. Kamati ikitaka kusomewa mali yake, isomewe."

Nikasoma! Nilisoma vile vistari na vitone, nani alitoa hoja, nani aliunga mkono. Nilisoma hata maneno ya diwani wa Kibamba mwenyewe siku ile: "Limbanga wapewe, wale wenzetu wanazika." Aliposikia maneno yake akashika kidevu. Halafu akanyoosha mkono, na ndiye aliyeunga mkono marekebisho. Nilitamani kumkumbatia.

Jioni Katibu akaniita. Juu ya meza palikuwa na barua ya onyo.

"Hii ni ya kuruka namba," akasema. "Itakaa kwenye jalada lako mpaka unastaafu. Ukirudia, unakwenda."

"Na lile la kusimama, mzee?"

"Lipi? Mie nilikuwa nafuta miwani." Akanisogezea karatasi tupu. "Kaandike muhtasari. Andika lililoamuliwa, basi."

Bomba la Kwa Limbanga lilifunguliwa kabla ya masika. Nilikwenda. Vigelegele, ndoo za kila rangi, watoto wameloa kwa makusudi, na Bi. Sikudhani akinilisha samaki kwa mkono wake mbele za watu huku akininong'oneza, "Kula, mruka namba." Sijawahi kula samaki mtamu vile.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akajiandikisha kisomo cha watu wazima, kile tulichokiita ngumbaru, akikaa benchi moja na wateja wake. Haikuwa siku mbili. Baada ya mwaka na zaidi akanijia asubuhi ya kikao kama kawaida, ila nilipochukua karatasi akaninyang'anya.

"Leo weye ndiye utakayefumba macho," akasema.

Akanisomea muhtasari mzima, kidole chini ya mstari, polepole, jasho linamtiririka. Ukurasa wa tatu akasimama akaniambia nimeandika jina la mtaa vibaya. Na kweli nilikuwa nimeliandika vibaya. Nililia pale nyuma ya makabati, naye akacheka mpaka mkuu wa masjala akaja kutuchungulia.

"Siku ile," akaniambia alipotulia, "uliandika kwamba nilishindwa kusoma?"

"Hapana, Bibi."

"Na kwamba weye ulisimama?"

"Hapana. Niliambiwa niandike lililoamuliwa."

Akafikiri. "Basi ukistaafu, kaandike. Wajukuu zangu wajue nilikotoka. Usinipambe."

Baadaye nilihamishiwa Kinondoni, nikawa mkuu wa kitengo cha kamati, nikafundisha makarani kumi na zaidi, na kila mmoja nilimlazimisha kuhakiki stensili yake na mtu wa pili, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata. Walinung'unika sana nyuma yangu. Nilivuka taipureta nikafika kwenye kompyuta, na nikagundua kwamba jicho linaruka vilevile hata kwenye kioo. Siku ya kustaafu niliomba kuliona jalada langu. Barua ya onyo ilikuwamo, imekuwa ya manjano, na nikaishika kwa furaha kana kwamba ni cheti.

Sasa ninaishi Goba, mlimani, na maji huja kwa boza, lori la tangi, yakitaka kuja. Bi. Sikudhani tumemzika zamani, Katibu pia. Muhtasari wa siku ile, kama mchwa hawajaula, unasema hivi: "Mjumbe mmoja aliomba marekebisho katika ukurasa wa tano. Marekebisho yalikubaliwa." Maneno hayo niliyapiga chapa mwenyewe, nikayahakiki mara tatu, na hayana kosa hata moja.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Na haya mengine, Bibi, leo nayo yamesemwa.