Ganzi Iliyonishika Mlangoni mwa Studio

Salamu nimetoa, mmeitikia, sasa kaeni mnisikilize, wanafunzi na mama zenu. Mimi si msemaji. Mwalimu wenu ameniomba niwaeleze nilivyougua, kwa sababu ya haya mambo ya kutishwa kwa picha za simu yanayowapata wasichana, nami nitasema kama yalivyokuwa. Mkiona sicheki wala silii, msidhani sijali. Ndivyo nilivyobaki.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, miaka ya tisini ikielekea kwisha, kwetu Mwabungo, kusini mwa Mombasa. Baba alikuwa akisomesha madrasa. Mimi nilikuwa mnene, mwenye kucheka ovyo, na wali nikila sahani mbili. Mwaka huo dada yangu Mwanamisi aliolewa Tiwi. Siku ya kumpamba walikuwa wanawake watupu uani, mabuibui yamevuliwa, nywele wazi, mama zetu wakacheza mpaka jasho likawatoka. Mwanamume hakanyagi hapo. Picha nilipiga mimi, kwa kamera ya kuazima.

Filimu za shughuli kama hiyo zilikuwa na njia yake. Hazikupelekwa dukani. Zilivuka feri hadi Mombasa, kwa mama mmoja aliyekuwa akisafisha picha za wanawake chumbani mwake, na negativu akikurudishia zote. Mama alinipa filimu akaniambia, "Mpe mwenyewe, mkononi." Nami nilikuwa na hamu ya kujiona. Ukunda, karibu na kwetu, kulikuwa na studio mpya yenye mashine, saa moja tu unapewa picha zako. Nikaipeleka hapo, mama asijue. Msinitajie haraka haraka haina baraka, nimeambiwa nikachoka.

Baada ya wiki mbili kijana wa kaunta alinisimamisha nikitoka shule. "Zile nilizokupa si zote," akasema. "Nami nimejisafishia zangu." Alitaka niende chumba cha nyuma cha studio, peke yangu, anipige picha anazozijua yeye. Nisipokwenda, angezibandika za mama na za dada kwenye kioo cha duka, pale zinapowekwa picha za wateja ili wapita njia wazione. Akilini nilimwona mama kichwa wazi mbele ya Ukunda nzima. Nilimwona Mwanamisi akirudishwa kwetu na talaka, hina haijamtoka mikononi.

Jumamosi nikaenda. Ndiyo, nilikwenda. Nilifika mlangoni mwa chumba kile, nikaona kiti kimoja na taa kubwa imewashwa. Hapo nyayo zikafa ganzi. Ganzi ikapanda mpaka magotini. Nikashika ukuta, nikageuka, nikajikokota hadi barabarani. Kijana akasema nyuma yangu, bila hata kupaza sauti, "Nakupa mpaka Jumamosi nyingine."

Jumamosi nyingine sikuweza kusimama. Chakula kilishuka kikarudi. Choo sikupata siku sita. Nywele ziling'oka na chanuo. Damu ya mwezi ikakatika, na shangazi akaanza kunitazama tumbo. Siku moja chai ya moto ilinimwagikia mguuni. Nikaitazama ngozi ikifura, kama mguu wa mtu mwingine. Baba aliniandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani sahanini, nikanywa maji yake siku saba. Nyanya akasema ni jini, nimepita mahali pake. Kama kijana amezibandika zile picha sikujua; kila mtu akipiga hodi, nilidhani ameziona. Sikuogopa kufa. Niliogopa hodi.

Mwishowe nikalazwa hospitali ya Msambweni. Daktari alinipima kila kitu. "Malaria hamna," akamwambia mama. "Mimba hamna. Mishipa yake ni mizima." Aliyeniuliza ni muuguzi, sista mmoja mtu wa bara, aliyekuwa akinigeuza ubavu nisipate vidonda. "Wewe msichana, nani amekutisha?" Siku ya tatu nikamwambia yote, labda kwa sababu hakuwa mtu wetu, hakumjua dada wala mama. Hakushtuka. Akasema, "Mama yako akija leo utamwambia. Mimi nitasimama hapa."

Nilimwambia mama nikitazama dari, nikingoja kofi. Akauliza, "Alikugusa?"

"Hapana."

"Alikupiga hizo picha?"

"Hapana."

Akajifunika uso kwa leso, akalia. Sikuwahi kumwona mama akilia. "Mwanangu we! Na mzigo wote huo umeubeba peke yako?"

Kesho yake hakuja kunitazama. Alikwenda kwa kila mwanamke aliyecheza siku ile, Mwanamisi wa kwanza, akawaeleza. Wakaenda Ukunda watu kumi na mmoja, wakaketi sakafuni mwa studio. Kijana alitoka kwa mlango wa nyuma, hakuonekana tena. Mwenye duka, mzee wa heshima zake, akaja mbio akihema.

"Mama zangu, mimi nasafisha picha tu. Kijana akifanya yake, mimi sihusiki."

Mama akamwuliza, "Mashine ni ya nani?"

"Yangu."

"Na hiyo droo?"

"Yangu."

"Na ufunguo?"

Mzee akautoa mfukoni.

"Basi fungua."

Akafungua. Zetu zilikuwamo. Zilikuwamo na bahasha za wasichana wengine, majina yao yameandikwa juu kwa kalamu. Mama hakuzichungulia. Alisoma majina tu, na wiki ile yote akapiga hodi nyumba kwa nyumba, akimpa kila mmoja yake mkononi.

Kituoni, askari aliandika jina la kijana. Mama akasema, "Andika na la mwenye duka."

"Mama, hakuna sheria ya kumshika huyo."

"Haya. Basi andika hivyo. Andika kwamba nimeuliza, ukaniambia hakuna."

Askari alimtazama, kisha akaandika.

Mwanamisi alikuja hospitalini na chupa ya mafuta ya nazi. Nilishindwa kumtazama. Akasema, "Mume wangu nimemwambia mwenyewe. Amekasirika, lakini si kwangu wala kwako." Akaanza kunikanda miguu. Kila siku akiuliza, "Wasikia?" nami nikijibu sisikii. Wiki ya tatu nikapiga kelele, "Wee, waniumiza!" Akacheka, akazidi kubana. Nilianza kutembea kwa kushika ukuta, kisha bila ukuta. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havijarudi mpaka leo.

Alhamdulillahi. Namshukuru Mungu, na mama, na yule sista. Mwenye duka hakuniomba radhi, na studio yake ilifanya kazi miaka mingi. Hilo bado linaniuma. Leo wenye mitandao wako mbali, nao wanasema yale yale, kwamba wao ni njia tu. Msiwakubalie. Pigeni ripoti, na jina la mwenye njia litajwe. Nanyi mama zangu, mtoto akikuambia, mwulize kwanza kama ameumizwa. Kosa lake mtalizungumza akipona.

Mimi nilikosea kwa haraka. Uovu ulikuwa wao, na ilinichukua miaka kuvitenganisha hivyo viwili.

Nimemaliza. Chai iko pale nje, nendeni mkanywe. Mimi sitoki. Nitakaa kwenye kiti hiki mpaka ukumbi uwe mtupu, na atakayebaki nyuma, sitamwuliza kitu mpaka aseme mwenyewe.