Baba Aliyeifuata Filamu Hadi Mwingi

Juma lililopita, kina mama waliopandisha mahindi yao hadi sokoni Nunguni walikuta mlango wa mashine ya kusaga umefungwa na benchi la kungojea limeingizwa ndani. Waliulizana, wakajibiwa na jirani muuza vyungu, kisha wakajitwika magunia yao na kurudi walikotoka bila kelele. Mwenye mashine alikuwa amefariki. Mimi nilizipata habari hizo kwa barua ya mwanawe, iliyoletwa hapa Nairobi na dereva wa lori la kabichi: "Baba amepumzika. Tunazika Ijumaa." Mwanawe ni fundi wa magari, si mtu wa maneno mengi. Nimeandika katika safu hii juu ya watu wengi waliotangulia, baadhi yao wakubwa, na sikuwahi kukaa na kalamu mkononi muda mrefu kama nilivyokaa safari hii. Marehemu hakuwa ndugu yangu. Tulifahamiana kwa sababu ya kosa langu, nalo ndilo nitakalolisimulia.

Mnamo miaka ya themanini mwalimu mmoja wa Nunguni aliandika tamthilia juu ya familia ya huko kusini, katika nyanda kavu za kuelekea Kibwezi. Baba mkali amewakusanya wanawe kwa hofu, mama amejifunza kunyamaza, na kifungua mimba anataka kuondoka kwenda Mombasa na mke aliyekataliwa. Baba anamlaani mbele ya ndugu zake. Katika tendo la mwisho baba ni mgonjwa, mwana anaitwa, naye baba anairudisha laana yake kwa kumtemea mate kifuani, kama wazee wa Ukambani wafanyavyo wanapobariki. Mwenye mashine ndiye aliyeigiza baba. Alikuwa amezoea kupaza sauti kuushinda mngurumo wa injini, kwa hiyo sauti yake ilifika hadi waliokaa nje ya ukumbi. Mwana aliigizwa na mwanawe wa kumzaa. Watu walipomuuliza kama haogopi kumlaani mtoto wake kwa mchezo, alijibu, "Naogopa sana. Lakini neno langu halilali nje. Likitoka, kabla watu hawajaenda nyumbani nimelirudisha."

Ndipo wakaja watu wa filamu kutoka Nairobi, nami nikaja nao. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina hadithi mbili tatu zilizochapishwa na kiburi cha kutosha hadithi ishirini. Kazi yangu ilikuwa kuigeuza tamthilia iwe filamu, na mwalimu, Mungu amlinde, aliniambia nifanye nionavyo. Waigizaji tuliwachukua walewale. Siku ya kupiga picha ya laana, mzee alitamka maneno yake mara moja, vizuri hata mpishi wetu akaacha kukoroga chungu: "Nenda. Na kila mlango utakaoufungua ukufungie." Mwongozaji akainua mkono.

"Mzee, tutarudia. Jogoo amewika."

"Mimi nimeshamlaani. Jogoo akiwika, ni makosa ya mtoto wangu?"

"Mzee, hii ni sinema tu."

"Kama ni sinema tu, mbona asubuhi uliniambia nilie kweli?"

Wote tulicheka, isipokuwa yeye. Mke wa mwanawe alikuwa mja mzito siku zile, mimba yake ya kwanza, na mzee alinivuta kando akaniambia hivyo kama anayeniambia kuna shimo njiani. Alikubali kurudia kwa sharti moja: picha ya baraka ipigwe siku hiyohiyo, kabla ya jua kutua. Mwongozaji alilalamika juu ya mwanga na ratiba, lakini ikapigwa. Nilimwona mzee akitema mate juu ya shati la mwanawe na kusema, "Neno nililolitoa nimelirudisha. Lala, amka, zaa." Kisha akanawa uso na kwenda zake kufungua mashine, maana watu walikuwa wakingoja unga.

Huko Nairobi, mezani pa mhariri wa filamu, mimi ndiye niliyeitoa picha ile. Sitaki mtu afikiri ilikuwa bahati mbaya. Nilimwambia mwongozaji kwamba filamu iishe mwana akiitembea ile barabara nyekundu, mgongo wake ukizidi kuwa mdogo, bila neno. Nilisema baraka inamliwaza mtazamaji mapema mno. Alikubali, na mkasi ukapita. Filamu ikasifiwa, hasa mwisho wake. Na niseme ukweli wote: hata leo, nikiitazama kama mtu wa sanaa, naona mwisho ule ni mzuri. Hilo ndilo linalonisumbua.

Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Wote, mchana, katika ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mzee alikaa safu ya mbele pamoja na mwanawe na mkaza mwana wake, ambaye tumbo lilikuwa limeshamzidi kiti. Mgongo ulipopotea barabarani na ukuta ukabaki mweupe, alinigeukia.

"Msichana, hii kitu imekatika?"

"Hapana, mzee. Imeisha."

"Imeisha aje? Na pale nimemrudisha?"

Nilianza kumweleza habari za sanaa. Alinisikiliza kwa adabu, hata nikaona aibu. Nikatafuta msemo wa kujifichia, nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Akasema, "Hiyo ni ya watu wa pwani, wenye maji mengi. Sisi huku tunazoa, hata kama ni tope." Akainuka, akamwambia mwendesha projekta asiizime taa. Akasimama mbele ya ukuta ule mweupe, kivuli chake kikubwa nyuma yake, akamwita mwanawe kwa Kikamba: "Mwana wakwa, njoo." Maneno yakasemwa, mate yakatemwa. Ukumbi ulijaa watu waliookoka, na mchungaji alikuwa amehubiri mara nyingi kwamba laana za wazee ni mambo ya gizani. Hata mmoja hakutoka kabla mzee hajamaliza. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyesema amina ya kwanza.

Nilidhani yameishia hapo, lakini sikuwa nimeielewa hesabu yake. Kwake, kila mara mkanda ulipozungushwa, neno lilitoka upya kinywani mwake, kwa sauti yake, na kumwendea mtoto wake. Kwa hiyo akaifuata filamu. Ilipokwenda Nunguni alifunga mashine. Ilipokwenda Kitui alifunga mashine. Ilipofika Mwingi alipanda lori la mbuzi na mwanawe, wakashuka wananuka kama mzigo. Huko walikuwepo wafanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Garissa, waliokuwa hawajawahi kuiona tamthilia. Mzee aliposimama mbele, mmoja wao alipaza sauti kutoka nyuma: "Mzee, lakini huyu kijana alikukosea nini hasa?" Mzee akajibu, "Hata sijui. Muulize huyu msichana aliyeandika." Watu walicheka mpaka machozi, nami nikacheka nao, lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani.

Mtoto alizaliwa salama, na wawili wakamfuata. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya safari zile. Nasema tu kwamba sisi tunaofanya kazi ya kusimulia tumepewa vyombo vipya vinavyokumbuka kila kitu na visivyojuta chochote. Jukwaani mwigizaji hukaa na alichokisema mpaka pazia lishuke. Mkanda husema na kusema, katika miji ambayo msemaji hajafika, na siku hizi kaseti za video zimeingia hata katika mikahawa ya chai. Tumejifunza haraka sana namna ya kulitoa neno. Mwenye mashine wa Nunguni ndiye mtu pekee niliyemwona akijiuliza nani ataandamana nalo.

Tulimzika Ijumaa, katika ukungu na baridi ile ya mlimani. Baada ya watu kunawa mikono, mwanawe alinifuata pale nilipokuwa nimesimama. Aliniambia shule moja ya sekondari Kitui imeiomba filamu ile, itaonyeshwa Jumatano.

"Baba hayupo," akasema. "Nani atasimama?"

"Mimi siwezi kukubariki. Wewe umenizidi umri."

"Sijasema unibariki. Ni wewe uliikata. Simama, uwaambie."

Basi Jumatano nilikwenda. Mgongo ulipopotea barabarani nilisimama mbele ya wanafunzi mia na kitu, nikawaambia kwamba hapa palikuwa na picha nyingine, kwamba baba alimwita mwanawe na kuyaondoa maneno yake, na kwamba niliyeitoa picha hiyo ni mimi, kwa kuwa nilitaka mwisho wa kupendeza. Nikayasema maneno ya mzee kama alivyoyasema, si kama baraka, maana hiyo sina, bali kama habari. Msichana mmoja katika safu ya tatu akainua mkono.

"Na yule mwana, alirudi kwao?"

Mwana wa mzee, yule fundi wa magari, alikuwa amekaa kando ya projekta, hakuna aliyemtambua, kwa vile nywele zimeshaingia mvi. Akasimama.

"Nimetoka huko asubuhi," akasema.

Wenzangu mnaoandika mtaniambia kwamba mwisho huo hauna sanaa. Huenda. Lakini nimejifunza kwa msaga unga kwamba ukimwondoa mtu nyumbani kwa kalamu yako, lazima mtu fulani ajue njia ya kumrudisha, hata kama mtu huyo ni wewe mwenyewe.