Sukari ya Kuvusha Giza

Sogea, mwanangu, ukae upande huu wa mkeka ambako upepo unafika. Umeniambia umepata nafasi ya kwenda kusoma mbali, nami, ingawa si mimi niliyekuzaa, nimefurahi mpaka magoti yameacha kuuma. Lakini kabla hujafunga sanduku, nisikilize. Sina haraka, na wewe leo usiwe nayo.

Kuna siku moja inayonirudia kila ninapopita karibu na mti wa edome, ule wenye matunda ya manjano yanayonata vidoleni. Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikiwa bado changa. Mimi nilikuwa binti wa Lodwar aliyefika chuo kikuu, nikifanya utafiti wa shahada ya uzamivu. Watu wakiniuliza nasomea nini, niliwajibu, "Nasomea jinsi mti unavyojua kwamba una njaa." Walicheka. Nawe cheka, kisha nikueleze.

Mchana mti hunasa mwanga wa jua na kutengeneza sukari. Nyingine huitumia palepale kukua, nyingine huigeuza wanga na kuiweka ndani ya jani, kama mama zetu wanavyokausha nyama. Giza likiingia, mti hula ile akiba. Ajabu ni kwamba hauli kwa pupa. Huigawa hivi kwamba akiba inapokaribia kwisha, kunakucha. Ndani ya kila chembe hai ya mti kuna kitu kama mlinzi, anayeonja sukari iliyobaki. Akiona imepungua hutoa amri: acheni kukua, tutunze kilichopo. Mlinzi huyo ni wa kale mno. Mababu wa mimea walikuwa naye tangu wakiishi majini, kabla jani la kwanza halijaota nchi kavu. Nduguze wamo mwilini mwa mbuzi, na mwilini mwako pia. Swali langu lilikuwa moja: mimea ya nchi kavu kama yetu, kizazi baada ya kizazi, ilipataje mlinzi mvumilivu kuliko wengine? Iliyokosea mgawo ilikufa bila mbegu. Iliyopatia ndiyo iliyotuzalia edome.

Basi nikachagua edome mmoja kando ya Tarach, mto wetu wa msimu. Tawi moja nililifunika kwa kitambaa cheusi ili likose jua. Kila machweo, na tena kabla ya mapambazuko, nilichuma majani, nikayachemsha katika spiriti mpaka yakapauka, nikayadondoshea iodini. Jani lenye akiba hugeuka jeusi. Jani lenye njaa hubaki na rangi ya iodini tu. Na ili mbuzi wasinilie kazi yangu, niliuzungushia mti miiba.

Hapo ndipo nilipoharibu. Unajua miti ya kando ya mto ina wenyewe. Kila familia ina sehemu yake, ekwar, waliyorithi. Kuuzungushia mti miiba ni kutangaza kwamba ni wako. Mimi nilikuwa na ruhusa ya chifu, nikadhani inatosha.

Asubuhi moja mwenye ekwar akafika, bibi kizee aliyeitwa Ata Akai, yaani Nyanya Akai, na ufito wake mrefu wa kuangushia matunda.

"Ejok, mjukuu," akanisalimu.

"Ejok, Ata."

"Nani amekufa, hata mkauvisha mti wangu nguo nyeusi?"

"Hakuna aliyekufa, Ata. Naupima."

"Na miiba? Au mti umekuposa?"

Nilimwomba radhi, nikamweleza kila kitu kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza vizuri, akauliza, "Na lile tawi la gizani, linafanyaje?"

"Majani makuukuu yanajimaliza, Ata. Yanatoa kilichomo ndani yao na kuyapelekea machipukizi. Yakishabaki matupu, yanaanguka."

Aliuegemeza ufito wake mtini. Kisha akasema, "Wewe si mtoto wa yule msusi wa vikapu wa Lodwar? Umemwona lini?"

Nikaanza kujitetea. Nikikosa majani ya alfajiri hata mara moja, kazi ya tawi lile inakatika. Mvua i karibu, na ikinyesha nitangoja ukame mwingine. Mama ataelewa.

"Mti nimekupa," akasema, "na miiba iache. Lakini wewe unayepima chakula cha giza cha mti, cha kwako umeweka wapi? Nenda. Mti una mizizi, utakungoja. Mama yako hana mizizi."

Maneno yale yaliniudhi, mwanangu. Nikaenda kambini kumlalamikia Santino, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan aliyeniuzia kile kitambaa. Alikuwa mtu wa mzaha.

"Daktari ya majani! Leo mbuzi ya nani imekula shule yako?"

Nilipomsimulia, mzaha ulimtoka. "Mimi mama yangu, tangu tukimbie, sijui iko wapi. Wewe mama iko Lodwar, lori iko hapa, na wewe nalia sababu ya majani?" Akakunja sukari ndani ya gazeti, akanisukumia. "Peleka. Ambia yeye hii ni ya mama ya Santino. Akunywe badala yake."

Nililifunua lile tawi, nikapanda lori.

Mama nilimkuta mlangoni akisuka makuti ya mkoma. Alikuwa amekonda. Chai yake haikuwa na sukari, akasema ameizoea hivyo. Nilipoinua kifuniko cha kopo la sukari, nikalikuta limejaa. Alikuwa akiniwekea mimi. Nikaitazama mikono yake, nikakumbuka yale majani ya gizani. Nilichemsha chai, nikaitia sukari ya Santino, nikampa ujumbe wake. Alikishika kikombe kitambo kabla ya kunywa, akasema, "Basi nitamnywea taratibu." Tulikaa mpaka jua likatua. Alinifundisha kuanza kitako cha kikapu, na akaniimbia wimbo aliokuwa akiimba baba kumsifu fahali wake, akiigiza sauti yake nzito na kucheka mpaka machozi yakamtoka.

Nilirudi Kakuma mvua ikiwa imeshanyesha. Edome ulikuwa umechipua kila tawi. Nikangoja mwaka mzima, wenzangu wakanitangulia. Na kabla sijavaa joho, nikiwa ng'ambo kwenye maabara, mama alifariki. Habari zilinifikia akiwa ameshazikwa. Santino naye alipelekwa nchi ya theluji, sijamsikia tena. Husemwa chovya chovya humaliza buyu la asali, lakini lile la siku zile nimechovya miaka yote hii na bado lina utamu. Nikisikia mtu akicheka kwa sauti nzito ya kuigiza, hugeuka. Natamani angalau kikombe kimoja zaidi.

Mwanangu, elimu ni nzuri, ifuate mpaka mwisho. Ila usiende safari ndefu ukiwa na vyeti tu. Akiba haiozi, na akiba ya moyo huwekwa mchana, wakati uwapendao wangali hai. Huko uendako kutakuwa na giza ambalo hakuna kitabu kitakachokuvusha.

Mungu akupe mvua isiyong'oa na jua lisilounguza. Maziwa yasikauke nyumbani kwenu, na unaporudi, umkute wa kukuitikia.

Sanduku liache wazi. Kesho panda gari la kwenda Kaikor, kwa mama yako. Mchemshie chai, kaa chini, mwombe akuimbie. Usiinuke mpaka amalize.